Maji yanaingilia juu, kutu inatokea chini

MUULIZE FUNDI
Maswali ya wasomaji yanajibiwa na fundi bodi wa Ngamiani, Tanga

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Sahare. Kuna gari dogo la michezo nimelipenda, Mazda Roadster la mwaka 1991, viti viwili, juu turubai. Mwenye nalo anakaa Raskazone, upande wa baharini. Dalali anasema limenyooka, weka mafuta utembee. Nimeliona mara moja baada ya mvua: kapeti la nyuma ya viti lilikuwa bichi na ndani kunanuka ukungu. Chini limepigwa rangi nyeusi mpya kabisa. Halafu ukingo wa bati chini ya mlango wa kushoto umekunjika, dalali anasema ni alama ya jeki tu. Nitajuaje kama chini pameoza, na maji yanaingilia wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kapeti bichi na rangi mpya umeviandika kama shida mbili. Kwangu ni kesi moja, na shahidi ni hilo bati lililokunjika. Nakuomba uanze na maji, kutu baadaye. Vijana wengi hukimbilia kutu: wanamlipa mchomeleaji, wanapiga rangi, masika yanayofuata wanarudi gereji na tundu pale pale, kwa sababu hakuna aliyeyatafuta maji.

Lijue gari kwanza. Lilitoka mwaka 1989. Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, nchi nyingine likaitwa MX-5. Ni jepesi, halifiki tani moja, na halina chesisi ya peke yake kama Land Rover uliyozoea kuiona ikipanda Amani. Bodi ndiyo chesisi. Chini ya kila mlango kuna boksi la bati linalotoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Gari lenye paa la bati hugawana mzigo kati ya paa na maboksi hayo. Hili paa lake ni kitambaa, kwa hiyo maboksi mawili ndiyo karibu mgongo wote. Yakioza, gari linalegea katikati, na mlango ndio unaosema wa kwanza: tazama nafasi kati ya mlango na bati la nyuma yake. Ikiwa juu imebana na chini imeachia, usiulize bei tena kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Sasa safari ya maji. Turubai la gari hili limeshikwa nyuma ya viti, na chini ya ukingo wake, kwa ndani, kuna mfereji mwembamba. Mvua inayoteremka juu ya turubai inaangukia humo, inagawanyika kushoto na kulia, inaingia kwenye tundu lililo nyuma ya mkanda wa kila kiti, inashuka kwa mrija na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Ni kazi nzuri ya kihandisi mpaka siku ya kwanza gari linapoegeshwa chini ya mwarobaini. Majani yale madogo, maua ya mwembe, mchanga na vumbi, vyote vinateremka hadi kwenye tundu na kuziba. Hapo maji yanafurika. Mengine yanamwagikia kapeti la nyuma ya viti, ndiyo uliyoyaona. Mengine hayaonekani: yanapenya ndani ya boksi la chini ya mlango na kukaa humo.

Boksi lenyewe lilitengenezwa na matundu madogo kwenye tumbo lake ili maji yatoke. Mtu akipita na rangi nzito nyeusi bila kuyakwepa, ameyaziba. Kuanzia hapo boksi ni tangi. Kutu inaanza kwa ndani, inakula tabaka la kwanza, la pili, na ile siku inapotoa lengelenge dogo kwa nje, mbele ya gurudumu la nyuma, kule ndani imeshamaliza. Kwa hiyo lengelenge la upana wa sarafu mahali hapo usilihesabu kama kasoro ya rangi.

Jaribio lake ni rahisi. Nenda na chupa ya maji ya nusu lita. Fungua turubai nusu, tafuta tundu nyuma ya mkanda, mimina polepole huku mwenzako amechuchumaa anatazama chini. Maji yatoke chini haraka, na yatoke karibu yote. Yakichelewa, yakitoka na tope, au yasipotoka kabisa, umepata mlango wa kwanza wa maji. Rudia upande wa pili. Usiruhusu mtu achokoe na waya mgumu wala apulize upepo wa kompresa kwa nguvu, maana mrija unaweza kutoboka au kuchomoka kule ndani na baada ya hapo hakuna mfereji wala mrija. Uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kufyekea majani, unapita vizuri na haudhuru.

Mirija ikiwa mizima na bado ndani kuna maji, hapo ndipo mnachukua mpira wa maji. Mmoja akae ndani na tochi, milango imefungwa, magazeti makavu yametandazwa sakafuni. Wa nje amwage bila presha, aanzie chini na kupanda juu: mlango, kisha kona ya kioo cha mbele pale kinapokutana na turubai na kioo cha mlango, kisha turubai lenyewe. Kila mahali dakika kadhaa kabla ya kuhama. Ukianza juu, maji yatateremka kote na hutajua yaliingilia wapi. Katika magari haya ile kona ya juu ya kioo cha mbele ndiyo inayovuja sana, raba yake ikishakauka na jua. Usikubali kupakwa silikoni pale. Raba ibadilishwe, au turubai lirekebishwe lishuke vizuri.

Buti nalo lina mambo yake. Betri ya gari hili inakaa ndani ya buti, upande wa kulia. Ya kiwandani ilikuwa ya aina iliyofungwa, yenye vipira vya kutolea hewa nje. Wengi wetu hutia betri yoyote inayoingia, asidi inafuka na kudondoka, na bati la chini yake linaoza hata kama hakuna tone la mvua lililoingia. Inua betri uangalie. Halafu papasa raba za taa za nyuma kwa ndani. Zikishakakamaa, maji huingia hapo na kukusanyika kwenye sakafu ya buti.

Tuje chini. Kwanza usalama: jeki ni ya kupandishia gari, haikuwekwa hapo ili mtu alale chini yake. Pelekeni kwenye shimo, au tumieni stendi za chuma. Na hapa ndipo dalali wako anapoingia matatani. Gari hili lina mahali maalumu pa kutia jeki, penye alama mbili za mkato kwenye ukingo ulio chini ya boksi. Nyuma unaweza kuinulia kwenye difu, lile boksi la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, mbele kwenye boriti nene ya katikati. Pengine pote ni kuharibu. Kuna reli mbili za bati jembamba zinazopita chini ya sakafu, hizo hupondwa na jeki za gereji. Na kati ya gia boksi na difu kuna fremu ndefu ya aluminiamu. Ukiisukuma kwa jeki, inapinda. Kukunjika kwa ukingo peke yake hakuui gari. Tatizo ni kwamba ukingo ule ni mabati mawili au matatu yaliyobanwa pamoja. Yakikunjwa, rangi inapasuka na midomo inaachana, maji yanaingilia kwa chini sasa, wakati ya juu hayana pa kutokea. Pitisha ukucha. Kama midomo imebana, ni alama ya jeki kweli. Kama ukucha unaingia, au unatoka na unga mwekundu, dalali amekupa nusu ya habari.

Kila jeraha la chini lina mwandiko wake. Jiwe au tuta huacha mikwaruzo mirefu inayotoka mbele kwenda nyuma. Jeki huacha bonde moja. Ajali huacha mikunjo, mawimbi madogo kwenye zile nguzo za bati zinazobeba injini, karibu na magurudumu ya mbele, na mara nyingi upande mmoja tu. Mikwaruzo naisamehe, samp, yaani bakuli la oili chini ya injini, ikiwa haijapasuka na paipu za breki hazijabanwa. Mabonde napunguzia bei. Mawimbi naenda kuyapima.

Kupima hakuhitaji mashine. Gari likiwa kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, chagua matundu manne ya kiwandani yanayofanana kushoto na kulia, mawili mbele, mawili nyuma. Teremsha timazi kutoka kila tundu, weka alama ya chaki sakafuni. Lisukume gari pembeni, pima kwa futi kamba kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha mbele kulia hadi nyuma kushoto. Zikipishana milimita mbili tatu ni mkono wako. Zikipishana sentimita nzima, lilinyooshwa na mtu akachoka njiani. Mimi nilijifunza hivi kwenye matrela ya mashamba ya mkonge, ambako trela lililopinda hula tairi mpaka mwenye shamba anakuja mwenyewe kuuliza.

Halafu rangi nyeusi. Mtu anayepaka rangi tumboni mwa gari la zaidi ya miaka thelathini, kisha analitia sokoni, hajapaka kwa mapenzi. Ibonyeze kwa dole gumba. Ikibonyea, chini yake kuna tope, puti (ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi) au hewa. Piga kwa kitako cha bisibisi ukienda taratibu kutoka mbele hadi nyuma: bati zima linalia, bati lililooza linajibu sauti fupi, butu. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa chembamba, uitembeze juu ya maboksi. Inapolegea ghafla, pana puti. Tazama pia zile nukta za kuchomelea za kiwandani, vidimbwi vidogo vilivyopangwa kwa nafasi sawa kwenye kingo. Zikipotea kwa urefu wa mkono halafu zikaanza tena, bati lile lilishatolewa likarudishwa. Mwisho omba ruhusa ya kukwangua mahali panne, ukubwa wa kucha tu, ncha mbili za kila boksi. Mwenye gari akikataa, amekwisha kujibu.

Ndani inua kapeti lote, hata la mbele. Chini yake kuna sponji nene, na sponji ile katika unyevu wa Tanga hukaa na maji wiki nyingi baada ya kapeti la juu kukauka. Dalali akianika gari siku mbili, kiganja chako juu ya kapeti kitakuta pakavu. Ibane ile sponji.

Na Raskazone usiidharau. Upepo wa bahari unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu wa hewa na kuushikilia kwenye bati usiku kucha, na maji ya chumvi yanaharakisha kutu kuliko ya mvua. Uliza pia gari lilitoka wapi Japani. Kule Hokkaido humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari linaweza kufika bandarini rangi inang'aa, tumbo limeshaliwa. Kama karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani bado ipo, tazama herufi: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, XX ni kipande kilichobadilishwa.

Unataka kusikia kama ningenunua. Ikiwa ni mirija iliyoziba, kapeti bichi na ukingo uliokunjika bila midomo kuachana, ningelichukua leo, ni gari tamu. Ikiwa boksi moja limeoza ncha ya nyuma tu, ningenunua kwa bei iliyokatwa gharama ya bati: kukata mpaka ufike kwenye chuma safi, kuchomelea tabaka za ndani kabla ya ya nje, kwa mashine ya CO2, si kwa fimbo za umeme zinazotoboa bati jembamba. Milango ishikiliwe mahali pake wakati wa kukata, vinginevyo haitafunga tena. Tangi la petroli liko nyuma ya viti, kwa hiyo fundi anayewasha moto bila kulitoa mkimbie. Maboksi yote mawili yakiwa laini, mwachie dalali alitie mafuta alitembeze mwenyewe.

SWALI: Kaka Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Chumbageni, nina Toyota Celica ya zamani. Mguuni kwa abiria panalowa maji hata Januari, jua kali, mvua hakuna. Mume wangu anasema kioo cha mbele kinavuja. Kweli?

JIBU: Nzuri dada yangu. Kioo hakivuji jua. Hayo ni maji ya AC. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, ikigusa mabomba baridi yaliyo nyuma ya dashibodi inageuka maji, na maji hayo hutoka nje kwa kipira kidogo kinachopenya ukuta wa injini. Kimeziba. Washa AC gari limesimama, subiri: kama hakuna kinachodondoka chini ya gari, umepata jibu, na kukizibua ni kazi ya dakika chache. Ila kama maji yananata, yana harufu tamu tamu na kioo kinafanya ukungu wa mafuta, hayo ni ya rejeta, yanavuja kwenye hita. Usiyaonje kama wafanyavyo mafundi wengine. Dawa ya rejeta ni sumu. Mume wako msalimie, lakini asinunue kioo.

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Pangani. Baba mdogo alituachia Datsun 240Z, imekaa bandani miaka. Tumeiwasha, inakwenda, lakini ndani kunanuka moshi wa ekzosi na petroli, na mvua ikinyesha buti linajaa maji. Ekzosi ni mpya. Sakafu ina viraka vya bati la mabati ya nyumba vilivyopigwa ribiti. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba kama ni wa karibuni. Mmeachiwa gari lenye heshima zake. 240Z ndiyo iliyoshinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta. Lakini gari la mashindano hulindwa chini kwa mabamba na hufumuliwa kila baada ya safari. La bandani Pangani halikupata hayo.

Moshi na maji ya buti vinapita njia moja. Gari hili likikimbia, hewa huzunguka nyuma na kunyonywa kurudi ndani kupitia raba ya mlango wa nyuma na raba za taa. Panapopita moshi, mvua nayo hupita. Fungia mtu ndani na tochi usiku, mwambie awashe pembezoni mwa mlango wa nyuma na taa. Mwanga unapoonekana nje, hapo ndipo. Badilisheni raba zote kwa pamoja. Harufu ya petroli ni nyingine: nyuma, ndani ya kuta za pembeni, kuna vipira vya kupumulia vya tangi. Vya umri huo vimepasuka. Hili lishughulikieni kabla ya yote, na kabla yake mtu asivute sigara humo wala asiendeshe vioo vikiwa vimefungwa.

Mbele, chini ya zile nyufa za kuingizia hewa mbele ya kioo, pana chumba kinachokusanya majani. Maji yake hutakiwa kushuka pembeni na kutokea nyuma ya gurudumu la mbele. Pakiziba, majani yanaoza pale pale na maji yanadondokea miguuni. Tazameni pia chini ya betri.

Hivyo viraka vya ribiti ving'oeni. Bati la nyumba halibebi mzigo, na kila ribiti ni tundu jipya. Lakini kabla ya kukata sakafu, tazameni reli mbili za chini yake. Katika gari hili ni nyembamba mno na karibu kila moja imepondwa na jeki. Reli zibadilishwe kwanza, sakafu ifuate, gari likiwa limekaa sawa kwenye stendi. Fundi akitaka kuanza na rangi ya nje kwa sababu inaonekana, mnunulieni chai, mwachane kwa wema.

SWALI: Fundi, kupaka oili chafu chini ya gari kunazuia kutu? Jirani yangu hufanya hivyo kila akirudi ufukweni.

JIBU: Kunazuia kidogo kwenye bati tupu, kisha kunakusanya mchanga wenye chumvi na kuushikilia. Raba za bushi, zile za viungio vya magurudumu, nazo huvimba na kulegea. Akirudi ufukweni apige maji baridi ya bomba chini na ndani ya matao ya magurudumu, mpaka yanayodondoka yawe meupe, halafu azibue matundu ya chini kwa kijiti na aache milango wazi gari likauke. Akitaka kupaka kitu, apake nta au grisi nyepesi ndani ya maboksi, gari likiwa kavu. Oili isikaribie diski za breki.